Shubiri, Mshubiri na Ute

Fungua kamusi ya Kiswahili penye herufi za SH, utaikuta shubiri imeingizwa mara mbili. Moja ni dawa chungu itokanayo na mmea wa majani manene yenye miiba kandokando. Nyingine ni kipimo: umbali kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, ambao wengine huuita shibiri. Maneno haya mawili hayana nasaba moja. La kipimo ni shibr ya Kiarabu. La dawa limetokana na sabir, jina la Kiarabu la dawa hiyohiyo, na konsonanti zake tatu ndizo zilizotuletea pia subira na kusubiri. Hivyo katika kinywa cha Mswahili uchungu, uvumilivu na urefu wa kiganja vimekaa jirani, na mkulima wa mmea huu anavihitaji vyote vitatu. Miche yake huiachia nafasi ya shubiri tatu hivi kutoka mmoja hadi mwingine, kisha husubiri miaka miwili au mitatu mpaka mmea ukomae sawasawa.

Mmea wenyewe ni mshubiri. Wanasayansi huuita Aloe vera, na mjini siku hizi watu husema alovera. Kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo na ya Mombasa, kwenye sabuni, mafuta ya nywele, dawa ya mswaki na vinywaji vya chupa, neno ni hilo moja. Sina ugomvi na kukopa maneno. Kiswahili kimekopa meza, shule na baiskeli, na kikanawiri. Ninachokililia ni kwamba mkopo huu umekalia nafasi ya maneno matatu yaliyokuwa yakifanya kazi tatu. Mshubiri ni mmea. Shubiri ni utomvu wake mchungu, hasa ukishakaushwa. Ute ni ule unyevu mzito, angavu, ulio katikati ya jani. Anayesema alovera hasemi anakusudia kipi kati ya hivyo, na kwa mmea huu kutosema kunaweza kumuumiza mtu.

Kata jani moja la chini kwa kisu kikali, pale linapolikumbatia shina. Kisu kikishapita tu, kwenye ukingo wa kidonda hujitokeza matone ya manjano, yamejipanga mstari mmoja chini ya ganda la kijani, maana mirija inayoyatoa hupita hapo hapo chini ya ganda na si ndani zaidi. Gusa tone moja kwa ncha ya ulimi, utaelewa kwa nini msemaji wa Kiswahili anapotaka kueleza uchungu usio na mfano husema ni shubiri. Tone likikaukia kwenye kisu hugeuka hudhurungi, baadaye huwa karibu jeusi, na kuling'oa hapo ni kazi. Hiyo ndiyo shubiri.

Sasa lisimamishe jani lile ndani ya bilauri, upande uliokatwa ukiwa chini, uliache robo saa au zaidi limalize kuchuruzika. Lioshe. Kata miiba ya pande zote mbili, kisha pitisha kisu chini ya ganda la juu na kulibandua. Kinachobaki ni mnofu unaopenya mwanga, unaoponyoka vidoleni na kuvuta nyuzi ndefu ukiuinua. Hauna rangi na ladha yake ni hafifu. Huo ndio ute, na zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Kati ya ule uchungu wa manjano na huu ute baridi pana unene wa ganda tu, lakini ni vitu viwili tofauti kwa asili, kwa kazi na kwa hatari.

Kiswahili hakikuwa maskini hapa. Kina utomvu, unaotoka mtini ukichanjwa. Kina ulimbo, utomvu unaonata ambao watoto hutegea ndege. Kina sandarusi, iliyochimbwa ardhini pwani hii na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi. Kina maziwa, kama yale ya mnyaa wa uani, meupe, ambayo yakiingia jichoni ni balaa. Na kina ute, neno tulilolizoea kwenye yai na kwenye bamia. Jeli iliyoandikwa kwenye chupa haikuja kuziba pengo lolote. Nimewasikia wauzaji wakisema ute ni neno lisilopendeza kwa kuwa linakumbusha mate, nami siwaafiki. Mtu anayekula bamia kwa ugali kila wiki hawezi kuukimbia ute kwa jina, na neno hilo linamwambia jambo ambalo jeli haimwambii: kwamba kitu hiki kimetoka kwenye kiumbe hai na kitaharibika kikiachwa mezani.

Waliotutangulia waliitofautisha shubiri na ute kwa matumizi, hata pale ambapo hawakuwa na haja ya kueleza. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka chuchu shubiri, utomvu mchungu, naye mtoto hukunja uso na kugeuka. Aliyeungua mkono kwa sufuria hupaka ute. Hakuna aliyebadilisha, kwa sababu mkono ulijua unachokigusa. Mkanganyiko umeanza pale mmea ulipoingia kwenye mashine ya kusagia na kwenye chupa yenye neno moja la jumla.

Na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe. Shubiri ina aloini, kemikali inayosukuma utumbo kwa nguvu. Ni dawa ya kuharisha, na imetumika hivyo tangu kale. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye shubiri ziondolewe kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, nalo limeiweka dondoo ya jani zima la Aloe vera katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Angalia maneno yaliyotumika: jani zima. Wajawazito hushauriwa wasinywe shubiri kabisa. Anayesaga jani pamoja na ganda lake na kunywa glasi kila asubuhi anakunywa shubiri, hata kama moyoni anaamini anakunywa ute. Angeuliza kwa Kiswahili kizuri, "Hiki ni ute au ni shubiri?", swali lenyewe lingemkinga.

Wafugaji wa kuku wa kienyeji, Kenya na Tanzania, nao hukatakata jani zima na kuliloweka kwenye maji ya kuku wakitumaini kuzuia kideri. Kinga ya kideri ni chanjo, na inapatikana.

Kwa karne nyingi kilichosafiri baharini kilikuwa shubiri peke yake, kwa sababu ute hauhimili safari na shubiri iliyokaushwa huhifadhika muda mrefu. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza ambacho ndicho pia kinachoitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, kinaihesabu shubiri pamoja na ubani kati ya bidhaa za bandari ya Kane, kusini mwa Uarabuni. Kisiwa cha Sokotra kilivuma kwa shubiri yake, inayotoka kwenye mshubiri wa huko, Aloe perryi. Wauza dawa wa Uingereza nao walikuwa na daraja moja waliloliita shubiri ya Zanzibar, kwa jina la soko ilikopitia, nayo iliwafikia ikiwa imefungwa ndani ya ngozi za wanyama. Utafiti wa nasaba za mishubiri uliochapishwa mwaka 2015 umeonyesha kwamba Aloe vera, ambayo leo imelimwa duniani kote kiasi kwamba kwao pa asili palikuwa pamesahaulika, chimbuko lake ni Rasi ya Arabuni. Kwa hiyo neno na mmea vimetoka upande mmoja, na huenda vilivuka bahari ile ile kwa pepo zile zile.

Hata katika maandiko matakatifu jina hili limewasumbua wafasiri. Katika sura ya 19 ya Injili ya Yohana, Nikodemo analeta manukato ya maziko, na neno la Kiyunani hapo ni aloe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version waliandika uudi. Walikuwa na sababu, kwani neno la Kiebrania linalofanana na hilo katika Agano la Kale hutaja mti wa udi wenye harufu nzuri, ambao hauna uhusiano wowote na mshubiri. Iwapo Yohana alikusudia udi au shubiri, wataalamu wameligombania hilo muda mrefu.

Nirudi bustanini, kwa maana kuna neno jingine linalohitaji kuangaliwa: kustahimili ukame. Maofisa ugani hulitumia kwa mtama, kwa uwele, kwa muhogo, kwa mbaazi, na kwa mshubiri pia. Ni neno zuri, lenye heshima, lakini limebebeshwa mizigo ya aina mbalimbali. Mtama kweli unastahimili. Jua likizidi hukunja majani, husimamisha ukuaji wake, hukaa na kiu mwilini, na mvua ikirudi huendelea pale ulipoachia. Choroko hufanya jambo jingine: huwahi. Hukomaa haraka na kuvunwa kabla ukame haujashika kasi. Mshubiri haufanyi hili wala lile. Wenyewe huzuia ukame usiingie mwilini. Maji huyahifadhi katika majani wakati wa mvua, hujifunga, na hutumia akiba hiyo kidogo kidogo, hata ardhi inayouzunguka ikiwa imepasuka ndani ya jani mna maji. Ningependa tuyatenge haya matatu katika vitabu vya kilimo: mimea inayostahimili ukame, mimea inayowahi ukame, na mimea inayojiwekea akiba. Mkulima akijua mmea wake uko kundi gani, atajua pia ausaidie vipi. Wa kustahimili msaidie kwa kutifua na kutandaza nyasi. Wa kuwahi mpande mapema. Wa akiba mwache ajaze akiba yake, kisha usimwongezee maji asiyo na mahali pa kuyaweka.

Namna mshubiri unavyojifunga ni jambo la kustaajabisha. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na kupitia vitundu hivyo hivyo hupoteza maji kwa jua. Mshubiri hufunga mchana na kufungua usiku, hewa ikiwa baridi. Hewa ukaa iliyoingia usiku huihifadhi kwa umbo la asidi, na kukipambazuka huitoa kidogo kidogo kwa ajili ya usanisinuru, vitundu vikiwa vimefungwa. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, akiwa India, aliandika kwamba majani ya mmea mmoja wa tabia hii yalikuwa machachu asubuhi na alasiri uchachu ulikuwa umetoweka. Aligundua kwa ulimi kile ambacho wanakemia walikuja kukieleza baadaye. Kiswahili bado hakina istilahi ya utaratibu huu iliyozoeleka. Wanaotafsiri neno kwa neno hupata tungo ndefu inayotaja asidi na jamii ya mimea ambayo msomaji haijui. Mimi ningeuita uvutaji hewa wa usiku, kwa sababu jina hilo linasema kinachotendeka na mtoto wa darasa la saba atalielewa.

Kwa jani lenyewe ninalo neno ninalolipenda zaidi: kiriba. Zamani kiriba kilikuwa mfuko wa ngozi wa kubebea maji safarini. Siku hizi ukienda kwenye kitalu chochote cha miche, Morogoro au Thika, viriba ni ile mifuko ya plastiki inayojazwa udongo na kupandwa mche mmoja mmoja. Neno limehama kutoka maji hadi udongo bila mtu kulalamika. Mche wa mshubiri ndani ya kiriba una viriba vyake yenyewe, vya aina ya kale, vimejaa maji.

Neno ambalo mpandaji wa mshubiri anapaswa kulijua kabla ya yote ni kutuama. Udongo unaotuamisha maji utauua mmea huu hata ukipewa kila kitu kingine. Mfinyanzi mtupu haufai. Tifutifu peke yake ndani ya chungu hushikamana baada ya muda. Mchanganyiko mzuri ni udongo wa kawaida wa bustani, kichanga cha mto na changarawe ndogo, kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi ukiwa na unyevu haukai donge bali husambaratika. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi. Chungu cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, ni bora kuliko kopo la plastiki kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu, na tundu la chini si jambo la hiari.

Maji yamwage mpaka yatokeze chini, kisha usirudie mpaka udongo ukauke hadi kina cha kifundo cha pili cha kidole cha shahada. Wakati wa kaskazi, Dar es Salaam, inaweza kuwa kila wiki mbili. Masika mmea wa nje hauhitaji kumwagiliwa kabisa, na wa ndani ya chungu ni vizuri kuusogeza barazani usilowe siku nzima. Mishubiri mingi ya vyunguni hufa kwa maji. Dalili zake zinafanana kwa mbali na za kiu, ndiyo maana watu huzidisha maji wakidhani wanaponya. Shika jani. Likiwa jembamba, limejikunja kuelekea ndani, lakini bado gumu, ni kiu. Likiwa laini, limegeuka njano ya majimaji pale chini, mizizi inaoza. Ung'oe mmea, kata palipooza, uuache ukauke kivulini kabla ya kuupanda tena. Jani linalogeuka hudhurungi au jekundu kwa jua kali halina ugonjwa. Likipata nafuu ya kivuli hurudia kijani.

Kigaga ni neno la mwili wa binadamu ambalo bustani imeliazima vizuri. Kila jeraha la mshubiri linahitaji kufanya kigaga kabla ya kuguswa na udongo wenye unyevu. Mmea mama huzungukwa na watoto. Wakulima wa migomba wangesema machipukizi, lakini kwa mshubiri nasikia zaidi watoto, nami naliona ni jina la haki. Mtoto akishafikisha urefu wa shubiri moja hivi, umtenge na mama kwa kisu safi, ukijitahidi aondoke na mizizi yake kidogo, kisha umweke kivulini siku mbili tatu bila udongo wala maji. Kidonda kikishakauka na kufanya kigaga, mpande, na mwagilia kidogo baada ya siku kadhaa. Ukimpanda akiwa na kidonda kibichi, kuvu huingilia hapo. Vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe wanaojificha kwenye makutano ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila unapowaona, kwa sababu wakishafika mizizini kazi inakuwa kubwa.

Hadi hapa nimesema mshubiri kana kwamba ni mmoja. Ipo mishubiri zaidi ya 500 duniani, na Afrika Mashariki ina mingi ambayo haipatikani kwingine. Ajabu yenye kuuma ni kwamba majina ya kwetu yamo katika Kilatini na hayamo katika Kiswahili: Aloe kilifiensis, Aloe rabaiensis, Aloe pembana. Kilifi, Rabai na Pemba zimeingia vitabuni, huku sisi tukiiita yote mshubiri mwitu. Kutotofautisha huku si jambo dogo. Aloe ballyi, mshubiri mrefu wa kusini mashariki mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, una sumu. Anayeamini kwamba kila chenye jina la alovera ni dawa hana kinachomzuia kuukata huo pia.

Jirani zetu wana majina, nayo yako hai. Wakamba wana kiluma, Wamaasai wana osuguroi, Waturkana wana echuchuka, Wajaluo wana ogaka, Waganda wana ekigagi, Wanyarwanda wana igikakarubamba. Kiswahili kimekua kwa kuazima kutoka mbali; hakuna sababu ya kuona haya kuazima kutoka Machakos au Lodwar. Mshubiri mkubwa wa nyanda kavu unaoitwa na wanasayansi Aloe secundiflora ungeweza kuwa kiluma katika Kiswahili sanifu, na ule wa Turkana, Aloe turkanensis, ukawa echuchuka au kwa matamshi yetu chuchuka. Wanaoitumia mimea hiyo kila siku wameshaipa majina. Kazi ya mwanaistilahi hapo ni kusikiliza na kuandika.

Faida ya jina mahsusi inaonekana sheria inapotungwa. Mwaka 1986 amri ya rais nchini Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, baada ya utomvu wake kuwindwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za kuruhusu uvunaji kwa utaratibu. Mkataba wa CITES nao unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri, lakini umeiacha nje Aloe vera, kwa kuwa hiyo hulimwa. Mfugaji wa Baringo anayeambiwa kwa redio kwamba "alovera inaruhusiwa" na kesho yake kwamba "alovera imekatazwa" ameambiwa kweli mara zote mbili, na hajaelewa neno. Tena kiluma hauzai watoto kama Aloe vera. Kwa kawaida hukaa peke yake na huzaliana kwa mbegu, maua yake yakitembelewa na chozi, ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda. Anayeung'oa haachi mrithi hapo. Laikipia vikundi vya wanawake wa Kimaasai wameupanda kwenye ardhi iliyokuwa tupu na kuuza majani yake, na hiyo ndiyo njia.

Kiswahili kimewahi kulifanya jambo hili vizuri, tena kwa mmea wa tabia hii hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta Tanga miche midogo ya mmea wa nyuzi wenye asili ya Mexico. Iliyoagizwa kutoka Florida ilikuwa 1,000, na iliyosalimika ni 62. Waswahili hawakusubiri jina kutoka Ulaya. Walikuwa tayari na mkonge, mmea wa porini wa hapa hapa wenye majani ya kutolea nyuzi, wakampa mgeni jina la mwenyeji, na singa zake wakaziita katani. Mmea jina moja, zao jina jingine, kama mshubiri na shubiri. Mgeni akawa uchumi wa nchi, na mwenyeji leo anaitwa mkonge mwitu. Lugha ilijiamini.

Kundi zima la mimea hii, mshubiri, mkonge, mpungate, mnyaa na maua ya vyunguni yaliyojaa mabarazani siku hizi, nalo linahitaji jina la pamoja. Mimea ya jangwani si sahihi; mingi haijawahi kuona jangwa. Mimea ya majani manene inauacha nje mnyaa, ambao majani yake ni madogo na unene wake uko kwenye vijiti. Napendekeza mimea minofu. Mnofu tunaujua kwenye nyama na kwenye embe. Ni ile sehemu yenye kujaa, isiyo na mfupa wala kokwa, na sifa yake inakubali jani, shina hata mzizi. Mmea mnofu, mimea minofu. Anayeuza miche kandokando ya barabara anaweza kuliandika kwenye kibao chake kesho, na mnunuzi akaelewa bila kuelezwa.

Neno istilahi limetoka katika shina moja na suluhu na maslahi, na maana yake ya asili ni kukubaliana. Makubaliano ninayoyaomba ni machache. Walimu na maofisa ugani waseme mshubiri wanapotaja mmea. BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, wayasajili majina ya kiluma, osuguroi na echuchuka kabla wazee wanaoijua mimea hiyo hawajaondoka na majina hayo. Na kila anayejaza chupa, awe kiwandani au jikoni kwake, aandike juu yake kwa herufi zinazosomeka kama kilichomo ni ute peke yake, au ni shubiri, au ni jani zima. Wewe unayenunua, usilipe mpaka uone mojawapo ya maneno hayo, na kama una mimba na ni shubiri au jani zima, rudisha chupa.